Kwenda Pemba Kuulizia Uzee

Kikundi chetu cha VICOBA, cha kuweka na kukopa, hapa Temeke kina mama lishe, mafundi cherehani, wauza genge na vijana wachache wa bodaboda. Hakuna aliyeajiriwa. Mwenye ajira rasmi akifika miaka 60 anastaafu kwa lazima na mfuko wake unamsubiri. Sisi hakuna atakayetuambia basi, tutasonga ugali na kukanyaga cherehani mpaka mwili ukatae wenyewe. Ndiyo maana kila mkutano ukifika kwenye mengineyo, mtu huuliza: na tukizeeka je?

Tulikuwa tumesikia kwamba Zanzibar kila mzee aliyetimiza miaka 70 analipwa na serikali kila mwezi, hata kama maisha yake yote hakuwahi kushika barua ya ajira. Mwanachama wetu mmoja, mzaliwa wa upande wa Wete, Pemba, akaongeza kuwa kijijini kwao kuna kikundi kinachowatayarisha watu kabla hawajafika umri huo, na shangazi yake yumo. Tukachanga. Nikatumwa mimi niliye katibu, pamoja na mwenzangu fundi cherehani. Haya nimeyaandika baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari na picha za simu. Majina ya watu na ya kijiji nimeyaacha, kwa sababu walitufungulia mambo ya nyumbani kwao.

Jumatatu, 23 Septemba 2024: Temeke, Unguja, baharini

Daladala hadi Posta, kisha kwa miguu hadi bandarini. Kata tiketi dirishani, si kwa vijana wanaokufuata njiani, na uwe na kitambulisho mkononi kwa sababu kinaulizwa kabla ya pesa. Nauli ya boti ndiyo iliyokula sehemu kubwa ya mchango wetu. Kwenda hadi Unguja ni kama saa mbili, bahari ilikuwa shwari, hakuna la kusimulia.

Boti yetu ya kwenda Pemba ilikuwa ya usiku, kwa hiyo tulikuwa na jioni nzima mjini. Tukala urojo Darajani, bakuli la shilingi 2,500 lenye bajia, viazi na kachori, na mwenzangu akaomba la pili. Boti ilitakiwa kuondoka saa 4 usiku. Saa 4 ikapita, na saa 5, na saa 6. Watu walikuwa wamelala chini kwenye sakafu, watoto wanalia, na hapakuwa na mtu wa kutuambia kinachosubiriwa.

Hapo ndipo mama mmoja wa makamo, kitambaa cheupe juu ya jicho, alipotuona tumesimama akatandua mkeka wake na kuukunjua upya uwe mpana. "Njooni wanangu, kaeni, bahari haimkimbii mtu." Alikuwa anarudi Wete kutoka Mnazi Mmoja alikotolewa mtoto wa jicho. Miaka miwili alikuwa hamtambui mtu mpaka asikie sauti yake, na nyumbani walimwambia ni uzee tu. Akatugawia chapati na chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa. Nilipomwuliza nani alimshauri aje hospitali, akasema ni mwanamke wa kikundi cha kijijini kwao aliyepita nyumba kwa nyumba akiwauliza watu wa miaka 50 na kuendelea: unaona vizuri? Unasikia? Umepima presha lini? Nikafungua daftari palepale, boti haijaondoka bado.

Jumanne, 24 Septemba: Mkoani, Chake Chake, Wete

Tulifika Mkoani jua limeshapanda. Kwa watakaokwenda: beba tangawizi au ndimu kama tumbo lako halipendi mawimbi, na shuka, kwa sababu alfajiri upepo unaingia mifupani.

Kifungua kinywa kilikuwa mandazi na mbaazi za nazi nje ya bandari, shilingi 1,500 kwa sahani. Kisha gari ya abiria hadi Chake Chake, na nyingine hadi Wete. Barabara inapanda na kushuka vilima kutwa, miembe mikubwa kila upande, na kwa kuwa ulikuwa msimu wa karafuu, majamvi yalikuwa yametandazwa mbele ya nyumba, mengine karibu kabisa na lami, karafuu zikianikwa. Harufu inaingia garini kabla hujaziona.

Abiria mmoja, mzee mwenye kofia ya viua, alitusimulia njiani kwa nini Pemba ndiyo yenye karafuu nyingi kuliko Unguja: kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikapona. Tulipoteremka Wete konda akakataa kupokea nauli yangu. Yule mzee alikuwa ameshatulipia sote wawili, na gari ikaondoka naye kuelekea mbele kabla sijamshukuru.

Toa pesa za kutosha mjini kabla ya kuingia vijijini, na panga kufika kabla ya Magharibi, magari hupungua sana baada ya hapo. Na ukifika kijijini, nenda kwanza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo. Tulikuwa na barua ya kikundi chetu, aliisoma yote, akatuuliza maswali, akaisaini. Kuanzia hapo kila mlango ulifunguka.

Sheha ndiye aliyetueleza kwa utaratibu Pencheni Jamii, yaani yale malipo ya wazee wa miaka 70. Ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 50,000. Inalipwa kutoka hazina ya Serikali ya Mapinduzi. Huulizwi ulichangia nini, wala kama una mtoto Muscat anayekutumia. Unaulizwa umri na ukaazi. Baadaye, mwaka 2020, ikaja Sheria ya Mambo ya Wazee. Kwetu bara tuna Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomtambua mzee kuanzia miaka 60, na TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, lakini malipo ya kila mzee hatuna. Nililiandika hilo kwa herufi kubwa, kwa sababu wenzangu wangeniuliza.

Jumatano, 25 Septemba: daftari la wanaokuja

Shangazi wa mwanachama wetu alitupokea kama watoto wake. Usiku ule tulikula wali wa nazi na mchuzi wa changu, asubuhi mkate wa kumimina. Kila tulipotaka kutoa pesa alikasirika kweli, kwa hiyo tukaenda dukani wenyewe tukanunua sukari, mchele na sabuni.

Kikundi chao hukutana barazani kwa mmoja wao. Ni kuweka na kukopa kama sisi, ila wana kitu ambacho sikuwahi kukiona: daftari la pili wanaloliita la wanaokuja. Humo wameandikwa watu wote wa eneo lao wenye miaka 60 hadi 69, na mbele ya kila jina kuna vichumba. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi anacho? Jina ni lilelile kwenye karatasi zote? Mwaka wa kuzaliwa ni wa kweli? Nani atamfikisha ofisini akiwa hawezi kutembea?

Nikauliza kwa nini wahangaike na mtu wa miaka 61 ambaye bado anapanda mti. Wakamwita mzee mmoja aliyekuwa anapita na ng'ombe wake.

Alikaa, akasalimiwa, akapewa kahawa. Kitambulisho chake kinasema amezaliwa 1958. Mwenyekiti, mama wa miaka 50 na kidogo, akamwambia: "Baba, waambie wageni Seyyid Khalifa alipokufa ulikuwa unafanya nini." Mzee akajibu bila kufikiri: alikuwa bondeni, analinda mpunga, anafukuza ndege kwa teo, yaani kombeo, na baba yake alikuja kumwita arudi nyumbani kwa sababu mfalme amefariki. Sultani Khalifa bin Haroub alifariki Oktoba 1960. Mtoto wa miaka miwili hatupi teo.

Mwaka ule uliandikwa na karani aliyemtazama usoni akakisia, na mzee hakujua kusoma akaupokea. Sasa anahesabika ana miaka 66. Kwa karatasi hiyo anangoja miaka minne ambayo kwa haki yake ameshaimaliza zamani, na miaka minne ya shilingi 50,000 kwa mwezi ni shilingi 2,400,000. Nilizipiga hesabu hizo kwenye daftari langu na mkono ukawa mzito. Yeye hakulalamika. Alisema tu, "Mie nshazowea," akanywa kahawa yake. Lakini mwenyekiti alituonesha jalada: wametafuta watu wawili waliochunga naye utotoni ambao karatasi zao ni sahihi, wameandikisha maelezo yao, na sheha anawapeleka hatua kwa hatua. Kazi hiyo walikuwa nayo kwa miezi mingi na ilikuwa bado.

Baada ya kisa kile ndipo walipoanzisha daftari. Mashahidi wa umri wako ni watu wa umri wako, nao wanakufa. Ukisubiri mpaka uwe na miaka 70 ndipo uanze kurekebisha, hutampata wa kukusimamia.

Jioni tulikaa na bibi mmoja anayelea wajukuu watatu, mama yao yuko Tanga. Nilimwuliza 50,000 inakwenda wapi. Mchele, sabuni, madaftari ya skuli, dawa, na 2,000 ya kikundi. Ni ndogo, alisema, haifiki mwisho wa mwezi. Kisha akasema neno ambalo mwenzangu alinikumbusha mara kadhaa njiani tukirudi: "Zamani nikiumwa nangojea ntoto apige simu. Sasa nampigia mie." Hata ndani ya nyumba, alisema, sasa anaulizwa kipikwe nini.

Alhamisi, 26 Septemba: presha na choo

Muuguzi wa kituo cha afya alikuja barazani na mashine ya presha, siku ambayo kikundi huiandaa kila baada ya muda. Walioitwa kwanza ni wa miaka 40 na 50. Wazee wakakaa nyuma wakinywa chai.

Mwenzangu aliunyoosha mkono kwa kusindikiza tu. Ikasoma 172 kwa 104. Muuguzi akamwacha apumzike, akampima tena, ikashuka kidogo sana. Ana miaka 47, hajawahi kuumwa kichwa, anashona kutwa. Hakuwa na dalili hata moja. Muuguzi hakumtisha. Alimkalisha pembeni na kumweleza kwa upole kwamba presha ya hivi, ikiachwa, ndiyo inayoleta kiharusi na kuharibu figo, na kwamba wengi anaowahudumia wakiwa vitandani na upande mmoja umepooza walikuwa na mashine ya bure jirani na hawakupima. Apunguze chumvi, na hapa akamtazama machoni: "Na ng'onda." Maana tangu tufike tulikuwa tukila samaki wakavu wa chumvi kwa furaha kubwa. Akamwandikia vipimo kwenye karatasi avipeleke hospitali akirudi Dar. Mwenzangu hakuzungumza mpaka adhuhuri. Nilimshika mkono tukatembea hadi ufukweni na kurudi.

Mchana tulipelekwa kuona vyoo. Inaweza kuonekana ajabu kusafiri kutwa na usiku kutazama choo, lakini mimi naona hiki ndicho kitu rahisi kuliko vyote tulivyojifunza. Bibi mmoja wa jirani aliteleza usiku akienda chooni, akavunjika nyonga, na hakusimama tena. Baada ya hapo fundi mwashi wa kijiji alianza kazi ya kutengeneza vyoo vya watu ambao bado wana nguvu. Anachofanya ni hiki: sakafu inakwaruzwa isiteleze, bomba la chuma linachimbiwa ukutani usawa wa nyonga kwa kushikia, kizingiti kinaondolewa ili mguu usijikwae, na kwa wenye magoti mabovu anatengeneza kigoda kigumu cha mbao chenye tundu, kinachokaa juu ya shimo. Taa ndogo ya sola inawekwa mlangoni. Mfuko mmoja wa saruji unatosha na kubaki. Mwenye nyumba aliyetuonesha cha kwake ana miaka 55 na anatembea wima kabisa. "Mama yangu alikitumia miaka mitatu," alisema. "Na mie nitakuja kukitumia."

Tulipita pia nje ya makao ya wazee ya Limbani, hapo Wete, ambayo serikali inawatunza wasio na jamaa. Hatukuingia, kwa kuwa hatukuwa tumeomba ruhusa. Ukitaka kuzuru makao kama hayo, andika barua mapema, na usiwapige wazee picha kwa kupita.

Ijumaa, 27 Septemba: mikarafuu na mirathi

Asubuhi tulipanda shambani na mzee ambaye familia yake ilipewa eka tatu baada ya Mapinduzi ya 1964. Vijana walikuwa juu ya miti, wanawake chini wakichambua karafuu na kutenga makonyo, vile vijiti vyake, nayo hayatupwi, yanauzwa kwa kukamuliwa mafuta. Wachumaji wanalipwa kwa pishi, yaani kwa kipimo cha walichochuma. Mzee mwenyewe haupandi mti tena, lakini mti unamlipa.

Alituonesha safu moja aliyoipanda akiwa na miaka 51. Majirani walimcheka kwamba mkarafuu unachukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, utavuna lini? Aliwajibu kwamba anapanda ili achume akiwa hawezi kulima muhogo. Sasa ana 73, miti ile imeshika, na mkarafuu ukitunzwa unaweza kupita miaka mia moja. Ana Pencheni Jamii, ana karafuu, na ana mtoto Kariakoo anayetuma kidogo. Mfuko mmoja ukichelewa, mwingine unamshika. Hatuna shamba Temeke, lakini nilielewa anachosema: ni umri wetu huu wa sasa ndio wa kupanda.

Baada ya sala ya Ijumaa, maalimu wa msikiti alizungumza na kikundi, wanaume huku na wanawake kule, kuhusu mirathi. Aliyasema wazi mambo ambayo familia nyingi huyanong'ona. Andika madeni yako na amana za watu ulizonazo. Wasia hauvuki theluthi ya mali, na mrithi hausiiwi. Ukitaka kumpa binti anayekutunza mkarafuu fulani, mpe ukiwa hai, mbele ya mashahidi, ajue ni wake. Na wakishindwana, kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kuna Mahkama ya Kadhi, hakuna haja ya panga. Mama mmoja akauliza kama mjane anaweza kufukuzwa nyumbani na ndugu wa mume kabla mali haijagawiwa. Maalimu alijibu hapana mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi. Wanawake waliokuwa karibu nami waliinua vichwa.

Sisi tuna wanachama Wakristo pia, na sheria za mirathi zao ni nyingine, kwa hiyo nilichonakili ni lile la kwanza tu: madeni na amana ziandikwe.

Jumamosi na Jumapili: kurudi

Gari, boti, boti, daladala. Safari hii hapakuwa na kuchelewa. Shangazi alitufungia muhogo mbichi na kifurushi cha karafuu, na sheha alitoka nyumbani kwake kutuaga. Matumizi yote ya watu wawili, nauli na zawadi ndani, hayakufika shilingi 400,000.

Baada ya kurudi

Tulisoma taarifa yote mkutanoni, na mwenzangu mwenyewe alisimama akaeleza presha yake, jambo ambalo nilimwambia si lazima. Watu 14 walikwenda kupima wiki hiyohiyo. Watatu wameanzishiwa dawa.

Tumefungua daftari letu. Hatuna Pencheni Jamii ya kungojea, lakini vichumba vinakaribiana: cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), jina linafanana kote, presha, macho, nani wa kumpigia ukianguka, nani mrithi wa hisa zako. Katika wanachama 28, majina ya 11 hayalingani kati ya karatasi moja na nyingine: Mwajuma huku, Mwanajuma kule, na mwaka wa kuzaliwa umepishana. Saba hawana cheti cha kuzaliwa kabisa. Ofisa wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, amekubali kuja kutueleza namna waliojiajiri wanavyojiunga na kuchangia. Na pendekezo la kumwandikia mbunge wetu kuuliza lini bara nayo italipa wazee wote limepita bila kupingwa, barua ninaiandaa.

Jumamosi ijayo saa 3 asubuhi tunakwenda pamoja RITA, ofisi ya vyeti vya kuzaliwa. Anayeleta mzazi aje na karatasi yoyote ya zamani aliyo nayo, cheti cha ubatizo, cha shule, kadi ya kliniki, na kama hana hata moja, aje na mtu aliyekua naye.